Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: kiduha cha kunde si kiduha cha mahindi

Mheshimiwa Waziri wa Kilimo,
Waheshimiwa wakuu wa taasisi za utafiti, mbegu na afya ya mimea,
Waheshimiwa wakurugenzi wa halmashauri za mikoa ya Dodoma, Singida na Morogoro,

YAH: GUGU LA ALEKTRA KWENYE KUNDE, KARANGA NA NJUGU MAWE

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Kunde zikishaanza kujaza maganda, kwenye mashamba mengi ya mikoa hii huonekana mmea mfupi wa maua ya njano, umejipanga kwenye mstari wa kunde kana kwamba ulipandwa pamoja nazo. Unapendeza, ndiyo maana watu huupita bila kuinama. Jina lake la kitaalamu ni Alectra vogelii. Humu tutaiita alektra. Ina majani ya kijani kama mmea unaojitegemea, lakini chini ya udongo mizizi yake imejichomeka kwenye mizizi ya kunde, na huko ndiko inakopata maji, madini na sehemu ya sukari ambayo kunde imeihangaikia juani.

Vijijini kwetu gugu hili halina jina lake. Huitwa kiduha tu, na kiduha ni gugu la mahindi, mtama, uwele na mpunga, yaani Striga. Ni kweli wote ni ukoo mmoja wa mimea, Orobanchaceae, ukoo uleule wa orobanki inayofyonza maharage ya ful huko Misri, Sudan na Ethiopia. Lakini ndugu hawa hawali chungu kimoja. Kiduha chenye maua mekundu, na kile cha zambarau cha Kanda ya Ziwa, hushika nafaka na hakipati maisha kwenye kunde. Alektra hushika jamii ya mikunde: kunde zenyewe, karanga, njugu mawe, soya, choroko na maharage. Kwenye mahindi na mtama haina lake.

Tunalisisitiza jina kwa sababu ushauri unafuata jina. Kwa miaka mingi mkulima mwenye kiduha kwenye nafaka ameshauriwa achanganye au apokezane nafaka na mikunde, na ushauri huo una msingi mzuri. Mizizi ya kunde na soya hutoa kemikali ziitwazo strigolaktoni. Mbegu ya kiduha ikizipata hudhani iko jirani na mtama, huota, hukosa mzizi wa kushika, na hufa ndani ya siku chache kwa kuwa haina akiba ya chakula. Ndiyo maana kunde huitwa zao mtego.

Sasa tazama upande wa pili. Strigolaktoni hizo ndizo zinazoiamsha pia alektra, na yenyewe haikosi cha kushika, maana mzizi inaoutaka ndio huo huo uliopiga kelele. Mwaka 1992 watafiti walitenga kemikali kutoka kwenye mizizi ya kunde wakaiita alektroli, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikiamsha mbegu za alektra. Baadaye muundo wake ulisahihishwa, ikaonekana ni aina ya orobankoli, kemikali iliyopewa jina la orobanki. Kwa hiyo kunde ileile inayokiua kiduha ndiyo inayoinyonyesha alektra. Mkulima wa mtama anayeambiwa "panda kunde" bila mtu kuangalia kuna mbegu za gugu gani ardhini mwake, na bila kuambiwa ni kunde zipi, baada ya misimu michache anakuwa na magugu mawili badala ya moja: kiduha kilichopungua kidogo na alektra iliyojaa.

Hatusemi ushauri wa kupokezana mazao ufutwe. Tunasema usitolewe nusu.

Ukubwa wa tatizo unajificha kwenye mbegu. Mbegu ya alektra ni ndogo kuliko punje ya chumvi, ukiimwaga kiganjani utadhani ni vumbi la ugoro. Mche mmoja ulioachwa ukakomaa unaweza kutoa mbegu 400,000 hadi 600,000, na mbegu hizo zinaweza kukaa hai ardhini miaka 10 na zaidi zikisubiri mzizi wa kunde upite karibu. Tufanye hesabu ndogo. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,000. Miche 20 tu ya alektra iliyoachwa ikapasua vitumba, yaani vifuko vya mbegu, kwenye ekari hiyo, kwa kiwango cha chini cha 400,000, ni mbegu 8,000,000, yaani 2,000 kwa kila mita ya mraba. Shamba lenye miche 20 kwa ekari mkulima hulihesabu kuwa shamba safi.

Hasara yake huwa rahisi kusingizia mambo mengine. Kunde iliyoshikwa hudumaa, majani hupauka na kunywea mchana kama yenye kiu hata udongo ukiwa na unyevu, maua huchelewa na kupungua, maganda huwa machache na mafupi. Kwenye mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kuchelewa kutoa maua kwa wiki moja au mbili kunatosha kuikuta mvua imekatika. Mkulima huandika "ukame", afisa naye huandika "ukame", na kwenye taarifa ya wilaya unabaki ukame. Pale aina dhaifu ya kunde inapokutana na udongo uliojaa mbegu za alektra, hasara yaweza kufika nusu ya mavuno na kupita.

Namna ya kutofautisha ukame na alektra haihitaji maabara, inahitaji jembe na ndoo ya maji. Chagua kunde iliyodumaa siku ya 35 hadi 45 baada ya kupanda. Usiing'oe kwa mkono, mizizi yenye ushahidi itabaki chini. Chimba kuizunguka kwa umbali wa sentimita 20, inua bonge zima, litumbukize kwenye ndoo, liache dakika 10 udongo ulainike, kisha litikise taratibu ndani ya maji. Utaona aina mbili za uvimbe kwenye mizizi, na hapa ndipo hata wenye vyeti hukosea. Vinundu vya bakteria wa naitrojeni ni vya mviringo, hung'oka kirahisi ukivisugua kwa kidole, na ukikipasua kimoja kwa kucha ndani huwa cha waridi. Hivyo ni mali ya kunde, viacheni. Alektra ina rangi ya chungwa iliyokolea, kama mzizi mchanga wa karoti; imejishindilia kwenye mzizi wa kunde hata ukiivuta inaondoka na kipande cha mzizi, na kutoka kwenye uvimbe huo huchomoza mizizi yake mifupi ya rangi hiyo hiyo na kichipukizi cheupe kinachoelekea juu. Ukishaona rangi hiyo mara moja hutaisahau. Tunaomba picha yake, si ya ua bali ya mzizi uliooshwa, iwekwe kwenye kila kitini cha ugani kinachohusu kunde.

Kwa nini palizi haisaidii? Kwa sababu ya kalenda. Kunde hupaliliwa mara ya kwanza wiki ya pili au ya tatu, na mara ya pili, kwa anayefika huko, wiki ya tano. Alektra huchomoza juu ya ardhi kuanzia wiki ya tano hadi ya saba hivi. Jembe limeshawekwa, kunde zimefunga, hakuna anayetaka kuingia kukanyaga maua. Na kufikia hapo madhara makubwa ya msimu huo yameshafanyika chini ya udongo. Kuing'oa alektra iliyochomoza hakumwokoi mkulima mwaka huu. Kunamwokoa mwaka kesho na jirani yake. Tuseme ukweli, mtu anayepanga shamba kwa msimu mmoja hana sababu ya kung'oa. Sheria ndogo za vijiji juu ya magugu hazitafanya kazi kwake mpaka kuwe na kitu anachopata, na tutakitaja chini.

Anayeng'oa naye ang'oe sawasawa. Kabla ya ua kufunguka, mche waweza kuachwa ukauke palepale. Ukishatoa maua, usiwekwe kwenye tuta la mpaka kama ilivyo desturi, kwa kuwa vitumba huendelea kukomaa kwenye shina lililong'olewa na kumwaga mbegu siku chache baadaye. Uingie kwenye mfuko wa salfeti moja kwa moja, ufungwe, ukachomwe mahali pamoja pasipolimwa. Mfuko wenyewe uchomwe pia. Mfuko huo ukirudi nyumbani ukawekewa kunde, kazi yote ni bure.

Sasa mbegu, ambayo ndiyo sehemu iliyo mikononi mwenu zaidi, Mheshimiwa Waziri.

Ukinzani upo. Kunde ya asili ya Botswana inayojulikana kwa namba B301 ilionekana zamani kukinza alektra pamoja na Striga gesnerioides, aina nyingine ya kiduha inayoshambulia kunde Afrika Magharibi, na imetumika kuzalisha aina nyingi. Malawi wana aina waliyoiita Mkanakaufiti. Kaufiti ni jina la Kichewa la magugu haya, na kukana ni kule kule kukana kwetu. Jina peke yake ni somo la ugani. Hapa Tanzania utafiti wa kunde umetoa Vuli-AR1 na Vuli-AR2, na hizo herufi AR zimewekwa kwa ajili ya ukinzani huo. Pendekezo dogo: herufi hizo zifafanuliwe kwa Kiswahili kwenye pakiti. Muuza duka la pembejeo asiyejua AR ni nini hawezi kumwambia mteja.

Ukinzani huu una faida ya pili isiyotajwa. Kwenye kunde nyingi kinzani mbegu ya alektra huamshwa kama kawaida, hata kushika hushika, lakini kiungo cha kufyonzea hakikui, gugu linakufa chini kwa chini. Maana yake kunde kinzani ni mtego wa magugu yote mawili: inakipunguza kiduha cha mtama, inaipunguza na alektra. Ule ushauri wa kupokezana mazao ukipewa pamoja na mbegu hii unakuwa mzima. Ukipewa na mbegu yoyote iliyopo sokoni, unabaki kamari.

Lakini mbegu haifiki, na sababu tunaifahamu. Kunde hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa. Mkulima akinunua kilo 10 mara moja, anaweza kutunza mbegu yake misimu kadhaa bila kurudi dukani. Kwa mkulima ni baraka. Kwa kampuni ni biashara isiyolipa, ndiyo maana kampuni zinakimbilia mahindi chotara. Kuzisubiri zibadili mawazo ni kupoteza wakati. Kazi hii ni ya umma, na si kubwa kama inavyotajwa vikaoni. Kwa nafasi ya sentimita 50 kwa 20, mbegu 2 kila shimo, ekari hubeba mashimo 40,000, mbegu 80,000. Kwa kunde ambazo mbegu 100 zina uzito wa gramu 13, hiyo ni kilo 10 na ziada kidogo. Ekari iliyotunzwa na kupuliziwa dawa ya wadudu kwa wakati, tuseme itoe kilo 300 tu za mbegu safi. Kilo 10 za mbegu ya msingi, ile safi ya kuanzia uzalishaji, zinakuwa 300 msimu wa kwanza. Hizo zinapanda ekari 30 na kutoa kilo 9,000 msimu wa pili. Msimu wa tatu ekari 900 na tani 270. Tani 270 zinapanda ekari 27,000. Hii ni hesabu ya karatasi, wadudu na mvua vitakata sehemu yake. Hata ikikatwa nusu kila msimu, zinabaki zaidi ya tani 30, na inaanza na mfuko ambao mtu anaubeba begani.

Njia ipo kisheria: vikundi vya wazalishaji wa mbegu za kuazimiwa ubora, yaani mbegu zinazozalishwa na wakulima wenyewe chini ya ukaguzi, vilivyoko kwenye kata. Vinachokosa ni mbegu ya msingi kwa wakati. Kwa Dodoma na Singida mbegu inayofika Februari katikati ni mapambo. Ifike halmashauri mwezi Novemba.

Na tafadhali, aina isichaguliwe kwa ukinzani peke yake. Ukinzani hauliwi. Kunde hapa ni mboga kabla haijawa punje. Majani huchumwa mapema, hupikwa mabichi au kuanikwa kwa ajili ya kiangazi. Aina yenye jani gumu au chungu, au punje ndogo nyeusi isiyouzika mnadani, itapandwa msimu mmoja wa mradi kisha ipotee. Kabla ya kuamua tani ngapi zizalishwe, pikeni majani yake na kunde zake mbele ya wanawake watakaozilima, waseme.

Ukaguzi wa mashamba ya mbegu nao urekebishwe, na hapa ombi letu ni kwa Taasisi ya Uthibiti wa Ubora wa Mbegu. Mkaguzi anayepita shamba la kunde kabla ya siku ya 40 mara nyingi hawezi kuiona alektra hata awe na macho ya tai. Ziara ziwe mbili: moja siku ya 45 hivi, nyingine kuelekea siku ya 60 kabla ya mchumo wa kwanza. Shamba likikutwa na alektra isiyotoa maua, ing'olewe na mkaguzi arudi baada ya siku 14. Likikutwa na alektra yenye vitumba, mazao yake yasiuzwe kama mbegu, basi. Yachekechwe yauzwe kama chakula. Msimamo huu utawaudhi wazalishaji, baadhi yetu tukiwemo, lakini mfuko mmoja wa mbegu uliochafuka unapeleka gugu kwenye kijiji ambacho hakikuwa nalo, na kuliondoa huko ni kazi ya miaka 10.

Hapo hapo kwenye mavuno kuna mambo madogo yenye uzito. Kunde zikichumwa ganda kwa ganda huwa safi. Ziking'olewa mashina yote na kupurwa kwenye uwanja wa udongo, hubeba udongo na mbegu za alektra pamoja. Pureni juu ya turubai. Kisha chekeche la tundu za milimita 2: punje ya kunde inabaki juu, mbegu ya alektra ambayo ni ndogo mno inapita na vumbi. Lile vumbi la chini ya chekeche lichomwe, lisipepetwe upande wa shamba. Turubai lipigwe vumbi hapo hapo kabla ya kuhamia kwa jirani, maana turubai la kikundi huzunguka nyumba hadi nyumba.

Malisho hayasemwi kabisa. Majani makavu ya kunde na karanga huuzwa kwa wafugaji na husafiri mbali kwenye matela ya pikipiki na malori. Yakiwa yamevunwa kwenye shamba lenye alektra iliyokomaa, yanasafiri nayo. Mbegu ndogo kama hizi zikiliwa na ng'ombe au mbuzi, zipo zinazotoka zikiwa hai kwenye kinyesi, na samadi mbichi huzirudisha shambani, mara nyingi shamba la mtu mwingine. Samadi irundikwe, imwagiwe maji, igeuzwe mpaka ipate joto la kuunguza mkono na kupoa yenyewe, ndipo isambazwe. Kwa maafisa mifugo: mkulima aliyeng'oa alektra yenye maua asiambiwe ampe mbuzi kwa kuwa "ni majani tu".

Kuhusu mbolea, tunajua bajeti ya ruzuku ilikuwa ikielekezwa kwanza kwenye mahindi na mpunga. Kuna sababu ya kuifikiria mikunde kwa jicho hili la alektra. Mmea ukikosa fosforasi hutoa strigolaktoni nyingi zaidi, kwa sababu kemikali hizo kazi yake ya asili ni kuwaita kuvu rafiki wa mizizi wausaidie kutafuta fosforasi. Ni barua iliyoandikwa kwa rafiki ikasomwa na mwizi. Udongo uliochoka unaita alektra kwa sauti kubwa zaidi kuliko udongo wenye afya, na udongo wa kanda hii mwingi umechoka. Mfuko mmoja wa TSP, mbolea ya fosforasi, wa kilo 50, wenye kama kilo 23 za fosfeti, unatosha ekari moja ya kunde ukiwekwa kwenye mfereji sentimita 5 pembeni na chini ya mbegu, si kumwagwa juu. Mbolea ya fosfeti ya Minjingu nayo inafaa udongo wenye tindikali, ila iwekwe mapema. Tusieleweke vibaya: mbolea haiui alektra. Inaipa kunde nguvu ya kuvumilia na kupunguza wito. Ikiwekwa kwenye aina dhaifu katika shamba lililojaa, mkulima ataona kunde nzuri kidogo na alektra nzuri zaidi.

Sasa onyo juu ya viuagugu. Baadhi ya wauza pembejeo wameanza kushauri glaifoseti kwa kipimo kidogo juu ya kunde, kwa hoja kwamba "nje wanafanya". Nchi za Mediterania kweli hutumia glaifoseti kidogo sana dhidi ya orobanki kwenye ful, gramu kama 60 za kiini kwa hekta, tena kwa wakati wa siku chache gugu linapokuwa limeshika mzizi na halijachomoza. Ful huvumilia kipimo hicho kwa shida, ukizidisha kidogo zao linaungua. Kunde si ful, bomba la mgongoni la lita 16 lenye nozeli iliyochakaa halipimi gramu 60 kwa hekta, na hakuna mkulima anayeweza kujua siku ambayo alektra imeshika chini kwa chini. Kupulizia alektra iliyochomoza ni kupulizia kunde iliyobeba maganda ambayo watoto watakula. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu itoe tangazo la wazi juu ya hili kabla ya msimu, kwa Kiswahili cha redio.

Mamlaka hiyo hiyo iangalie pia kaskazini. Orobanki yenyewe ilipoingia kwenye ful za nyanda za juu za kaskazini mwa Ethiopia, kuna wakulima walioacha zao lile kabisa, kwa kuwa hakuna kilichovunwa. Nayo huenea kwa njia ile ile ya mbegu, malisho na samadi. Kule Misri walipata nafuu ya mwanzo kwa aina ya ful yenye ukinzani, Giza 402, ambayo nayo haikukinga kila mahali. Mizigo ya ful, dengu na njegere inayoingia kama mbegu ichekechwe na vumbi lake litazamwe kwa lenzi. Lenzi ya kukuza mara 10 haina bei ya kumfanya mtu aombe kibali cha bajeti.

Jambo la ukinzani kutokinga kila mahali linatuhusu moja kwa moja. Alektra ya nchi moja si lazima iwe na tabia ya alektra ya nchi nyingine. Ipo inayoshambulia choroko na njugu mawe na ipo isiyozishika, ipo inayoshindwa na aina fulani ya kunde na ipo inayoivunja. Hivyo aina kinzani isitolewe kwa mikoa yote kwa sababu ilifanya vizuri kwenye kituo kimoja. Ijaribiwe kwa udongo wa kila wilaya, na kwa bahati nzuri jaribio lenyewe linafanyika kwenye ndoo.

Chukua udongo wa juu, sentimita 0 hadi 15, kutoka sehemu 10 za shamba lenye historia ya alektra, uchanganye. Ndoo za lita 10 zilizotobolewa chini, angalau 5 kwa kila aina ya kunde, pamoja na ndoo 5 za aina inayojulikana kushambuliwa. Hizi za mwisho zisiachwe kamwe, kwa sababu ndizo zitakazokuambia kama udongo ulikuwa na mbegu hai. Bila hizo, ndoo safi haina maana yoyote: yaweza kuwa ukinzani, yaweza kuwa udongo mtupu. Lowanisha udongo uwe na unyevu, usiwe matope, na uache siku 14 kwenye joto la kawaida kabla ya kupanda, maana mbegu ya alektra haiitikii wito mpaka imekaa kwenye unyevu na joto kwa muda. Wanaopanda siku ileile waliyojaza ndoo hupata majibu mazuri ya uongo. Panda mbegu 3, bakiza mche 1. Usiweke mbolea. Hesabu vilivyochomoza siku ya 50 na ya 60, kisha mwaga ndoo, osha mizizi, hesabu na vile vya rangi ya chungwa ambavyo havikufika juu. Aina ambayo haina kitu juu lakini chini imejaa vilivyo hai si kinzani, imechelewa tu. Maji ya kuoshea yamwagwe shimoni.

Ikitokea alektra imechomoza kwenye shamba la aina kinzani, kuna sababu mbili: mbegu imechanganyika na ya kienyeji, au gugu la hapo lina uwezo mwingine. Ndoo 10 zinajibu swali hilo ndani ya miezi mitatu. Kinachotusikitisha ni kuona swali hili likijibiwa kwa mabishano ya mkutano.

Tunachoomba kifanyike mwaka huu ni hiki. Neno alektra liingizwe kwenye fomu za taarifa za mazao za kata kama kipengele chake, mbali na kiduha. Kati ya Septemba na Oktoba, udongo ukiwa mkavu na unasafirika, kila kata inayolima kunde ichukue sampuli za mashamba matatu na kuziweka kwenye ndoo. Shule za sekondari zenye somo la kilimo zinaweza kuifanya kazi hii, wanafunzi wana macho na subira kuliko sisi. Mbegu ya msingi ya aina kinzani itengwe kwa vikundi vya kata zitakazoonekana zimejaa, si kugawanywa kidogo kidogo kwa wote mpaka isimfae yeyote. Na yule mkulima tuliyesema hana sababu ya kung'oa: anayeleta kwa afisa ugani mfuko wa alektra zenye maua lakini zisizo na vitumba vilivyopasuka, apewe kilo 2 za mbegu kinzani za msimu ujao. Kilo 2 zinapanda moja ya tano ya ekari, na msimu unaofuata ana mbegu ya shamba lake lote. Ni zawadi ya bei ndogo kuliko posho ya siku moja ya semina ya magugu.

Mifuko hiyo ichomwe mbele yake.

Tuko tayari kuwaonyesha maafisa wa wilaya kazi ya ndoo na uoshaji wa mizizi kwenye mashamba ya vikundi vyetu kuanzia wiki ya pili ya Machi, kunde zikiwa na siku 40. Waje na viatu vya shamba.

Wenu katika kazi,
Wazalishaji wa mbegu za mikunde na wagani wa Kanda ya Kati

Nakala:
Makatibu Tawala wa Mikoa ya Dodoma, Singida na Morogoro
Vituo vya utafiti wa kilimo vya Ilonga na Hombolo
Wakala wa Mbegu za Kilimo
Mbao za matangazo za kata